Kereng'ende, mwogelea chali au mbawakawa: nani wa kumlea kwenye ndoo, akishiba na akikosa

Tulifunga skuli kwa Idd siku nne. Nyuma ya chumba cha sayansi, chini ya mwembe, tuliacha ndoo tatu, kila moja imefunikwa kipande cha chandarua na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Ya kwanza ilikuwa na watoto wa kereng'ende. Ya pili wale wadudu wanaoogelea chali, tumbo juu mgongo chini. Ya tatu mabuu ya mbawakawa wa maji. Kila ndoo niliwatia wanane, nikawamwagia kata moja ya viluwiluwi vya mbu, nikajisemea siku nne si nyingi.

Siku ya kufungua, hata kengele haijalia, akanijia kijana wa kidato cha tatu.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba. Umeziangalia ndoo?"

"Nimeziangalia. Kereng'ende wamo saba. Wale wa chali wamo watano, na mmoja anaelea, keshakufa. Ile ya mabuu, maalim..." Akacheka. "Kabaki mmoja. Mnene."

Tangu siku hiyo kila mwaka naulizwa nimchague nani. Wananiuliza wanafunzi wanaotafuta mradi, walimu wenzangu, na juzi juzi mzee anayetunza birika la msikiti wa mtaani kwetu hapa Wete, Pemba. Wote huanza na swali moja: nani anakula viluwiluwi vingi zaidi? Swali si baya, ila ndilo linalowapoteza. Mdudu yeyote wa maji anayewinda, mtie penye chakula tele, atakula na atanenepa. Wanaachana njia chakula kinapopungua. Na kitapungua tu, tena kwa kazi yake mwenyewe, maana mlinzi hodari wa ndoo ndiye anayejitia njaa mapema. Kwa hiyo hapa kila mmoja nimemtazama mara mbili: akishiba anakua vipi, na akikosa anafanya nini. Hilo la pili ndilo ninalolipa uzito.

Shibe ina ukomo, njaa ina ngazi

Kabla ya kuwalinganisha, kuna jambo moja linalowahusu wote. Mtie mtu mbele ya shokishoki tano, atazimaliza mara moja. Mtie mbele ya kapu zima, atakula zaidi. Lakini mtie mbele ya makapu kumi, hatakula mara kumi, kwa sababu kila shokishoki lazima aimenye, atafune, ateme kokwa, ndipo ashike nyengine. Mikono ina kasi yake. Mwaka 1959 C. S. Holling, huko Kanada, aliliandikia hesabu jambo hili baada ya kumfunga macho msaidizi wake na kumpapasisha meza yenye viduara vya msasa: viduara vikiwa vichache, alivyookota viliongezeka kadiri vilivyoongezwa, vilipokuwa vingi sana, mstari wa mchoro ulilala, yaani haukupanda tena. Wadudu wetu wako vivyo hivyo. Ukiongeza viluwiluwi kwenye ndoo, ulaji hupanda, kisha hulala. Mwanafunzi anayemwaga viluwiluwi mia akidhani mdudu atakua maradufu anachafua maji tu: wasioliwa watakufa waoze, au watageuka mbu wajae chandaruani.

Upande wa chini wa mchoro ndio wenye mambo. Mdudu hana mfupa ndani. Anashikiliwa na gamba la nje, na gamba halitanuki. Hukua kwa kujivua: analivua la zamani, anajitanua likiwa jipya bado laini, kisha linakauka. Akipungukiwa chakula, kitu cha kwanza kinachotokea ni kuchelewa kujivua. Aliyekuwa avue gamba baada ya wiki moja anakaa mbili au tatu. Njaa ikiendelea, anavua lakini anatoka mdogo kuliko wenziwe. Ikizidi, tabia inabadilika: aliyekuwa akijificha anatoka kutafuta, na aliyekuwa akimpita mwenziwe anaanza kumtazama kwa jicho jengine. Kifo huja mwisho. Kuna kiwango cha chakula cha kushikia roho, ambacho mdudu hakui wala hafi, na wanafunzi wengi hukiona hicho wakadhani mradi wao umekwama. Haujakwama. Hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Na njaa hufundisha ubahili. Mdudu mwenye windo tele hunyonya kiluwiluwi nusu akakitupa akakamata kingine. Mwenye dhiki hukikamua mpaka ganda. Kwa hiyo usihesabu maiti ukasema umehesabu mlo.

Kereng'ende: mvumilivu, lakini si wote

Mtoto wa kereng'ende hafanani na mzazi wake hata kidogo. Ni kitu cha rangi ya tope, kina miguu sita, kimetulia chini ya ndoo kama jani lililooza. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya uso kama mkono uliokunjwa kiwiko, na una kulabu nchani. Kiluwiluwi akipita mbele, mdomo unachomoka, unanasa, unarudi, yote katika sehemu ndogo ya sekunde. Ukipepesa jicho umekosa. Hupumua kwa mashavu kama ya samaki, ila yake yamo ndani ya utumbo wa nyuma. Na akitishwa huyasukuma maji ya huko nyuma kwa nguvu akapaa mbele, kwa mtindo wa pweza.

Kwa kuwa anawinda kwa kukaa na kusubiri, hatumii nguvu nyingi. Ndiyo maana wale wakubwa wakubwa wanaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na wasife. Mvumilivu hula mbivu, na huyu amelichukua hilo kwa uzito wake wote. Akishiba anakua kwa mpangilio, akijivua mara 10 hivi au zaidi kabla hajapata mbawa. Akikosa, anasimama pale alipofika. Ukimrudishia chakula anaendelea.

Lakini kuna kereng'ende na kereng'ende. Yule wa manjano anayejaa juu ya viwanja vya mpira mvua za vuli zinapokaribia, Pantala flavescens, ni msafiri. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, aliandika jinsi makundi yake yanavyopita visiwani humo kila mwaka kati ya Oktoba na Disemba yakitokea upande wa India, akaeleza kwa nini anaona yanavuka bahari mpaka Afrika Mashariki. Mdudu huyu hutaga kwenye madimbwi ya mvua ambayo jua likiwaka wiki mbili yamekwisha. Hana muda wa kusubiri. Watoto wake humaliza kukua ndani ya siku 38 hadi 65 maji yakiwa ya vuguvugu, na kwa kasi hiyo lazima wale sana na wazunguke sana. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ni kweli, lakini kugaagaa kwenyewe kunakula nguvu. Huyu akikosa chakula huumia kuliko ndugu zake wa madimbwi ya kudumu, na humla mwenziwe haraka zaidi. Katika ile ndoo yangu ya Idd wote walikuwa wa aina ya kukaa na kusubiri. Nilibahatika, sikuwa nimechagua.

Wako pia kereng'ende wembamba, wanaokunja mbawa juu ya mgongo wakitua. Watoto wao utawajua kwa vijani vitatu vya kupumulia mkiani. Mmoja wao, Ischnura senegalensis, utamkuta kwenye karibu kila dimbwi lenye majani. Ndugu yake wa Ulaya, Ischnura elegans, ndiye John Lawton na wenziwe wa Uingereza walimlea maabara kwa viwango mbalimbali vya windo, wakachapisha mwaka 1980. Kwa mradi wa skuli wembamba hawa ni wazuri kuliko wanene, maana ni wengi, wadogo, na kikombe cha mtindi kinawatosha. Kwa birika hawafai, mlo wao ni mdogo mno.

Kasoro ya kereng'ende ni hewa. Anategemea oksijeni iliyoyeyuka majini, kwa hiyo ukimlisha kwa pupa na mabaki yakaoza, atakufa katikati ya shibe. Nimewaua wengi hivyo kuliko niliowaua kwa njaa.

Mwogelea chali: hodari wa shibe, fukara wa njaa

Jina la Kiswahili linalojulikana na wote silijui. Watoto wa bondeni kwetu humwita vyovyote, mimi namwita mwogelea chali, na ukimwona hutauliza kwa nini. Ana urefu wa punje ya mchele au zaidi kidogo, macho makubwa mekundu au meusi, na miguu ya nyuma mirefu yenye manyoya anayoipiga kama makasia ya ngalawa. Usimchanganye na yule anayefanana naye lakini anaogelea mgongo juu. Huyo wa pili anakula zaidi mwani na takataka za chini, na nimeona mradi mzima wa wiki sita ukifanywa juu yake huku mwanafunzi akishangaa kwa nini viluwiluwi havipungui.

Mwogelea chali anapumua hewa ya juu. Hupanda, akagusa uso wa maji kwa ncha ya tumbo, akashuka na kibofu cha hewa kimemng'ang'ania. Wale wa jenasi ya Anisops wana himoglobini mwilini, kama iliyomo kwenye damu yetu, inayowahifadhia oksijeni wakaweza kuning'inia katikati ya maji bila kupanda wala kuzama. Na katikati ya maji ndipo viluwiluwi vya mbu vinapopita vikipanda kuvuta pumzi. Amejenga duka lake njiani.

Akishiba hana mpinzani. Hujivua mara tano tu mpaka utu uzima, na maji ya joto yakiwa na chakula cha kutosha humaliza kwa wiki chache. Maji machafu kidogo hayamsumbui kama kereng'ende kwa sababu pumzi yake iko juu. Tena ana faida ambayo wengine hawana: kuwapo kwake peke yake huwafukuza baadhi ya mbu wasitage. Huko Israel, Leon Blaustein na wenzake walionyesha kwamba mbu wa aina ya Culiseta longiareolata hukwepa kutaga kwenye madimbwi yenye mwogelea chali wa huko, kwa kunusa kemikali anazoziacha majini. Sio mbu wote wanaokwepa, kwa hiyo usimtegemee kwa hilo peke yake.

Akikosa, sasa. Wadogo wao hawana akiba mwilini. Wale waliovua gamba la kwanza tu, wanyime chakula siku chache, utawakuta wameelea. Waliobaki hulana, na hulana kwa mpangilio: mkubwa humla mdogo, kamwe si kinyume. Laurel Fox, huko California, alilichunguza hili kwa Notonecta hoffmanni na mwaka 1975 akaonyesha kwamba chakula kikipungua kulana huongezeka, mpaka kunakuwa ndiko kunakoamua idadi yao dimbwini. Mtu mzima ana njia ya tatu: anaruka. Ukiacha ndoo wazi usiku kwenye njaa, asubuhi huna mdudu, na hujui kama amekufa, ameliwa au yuko kwa jirani.

Na anauma. Mdomo wake ni sindano ya kutia mate yanayoyeyusha windo, na kidole chako hakijui tofauti. Maumivu ni kama ya nyuki mdogo, hupita.

Mbawakawa wa maji: usijaribu, ila kwa sababu moja

Sitakaa sana hapa. Buu la mbawakawa wa maji lina taya mbili kama miundu, zenye tundu ndani, linalochoma, kutia mate, na kufyonza. Lina hatua tatu tu za kukua, kwa hiyo kila hatua inahitaji nyama nyingi kwa mara moja. Linakula chochote: viluwiluwi, vyura wachanga, visamaki, na ndugu yake wa tumbo moja. Kabla njaa haijaua, kulana kumeshamaliza kazi. Ndiyo yule mmoja mnene.

Likikua halimalizii majini. Linahitaji udongo wenye unyevu kandoni litambae likajifukie na kugeuka. Ndoo ya plastiki haina kando. Waliobahatika wakatoka wakubwa ni wale walioshiba wakiwa mabuu, maana mbawakawa akishapata mbawa hakui tena, na mdogo atabaki mdogo hata ukimlisha mwaka mzima. Sababu moja ya kumchagua ni kama mradi wako ni kuhusu kulana kwenyewe. Hapo hakuna mwalimu mzuri kuliko yeye. Mtie kila mmoja kikombe chake, kisha wawili wawili, uone.

Wawili ninaoulizwa, nawapita haraka

Kunguni mkubwa wa maji, yule dume lake hubeba mayai mgongoni, ni kivutio kwa wageni wa maonyesho ya sayansi. Hula konokono na viluwiluwi, huvumilia njaa vizuri akiwa mzima, lakini kuuma kwake si mchezo. Msimpe mtoto wa msingi.

Mwengine ni mbu anayekula mbu, Toxorhynchites. Mzazi hanyonyi damu kabisa, anaishi kwa maji ya maua. Kiluwiluwi wake hula viluwiluwi vya mbu wengine mamia katika maisha yake. Milan Trpis alimchunguza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, aina ya Toxorhynchites brevipalpis, akimlinganisha na windo lake Aedes aegypti. Kwa njaa huyu ni bingwa, anavumilia muda mrefu sana. Na ana kituko ambacho Philip Corbet na Griffiths walikieleza kutoka Uganda mwaka 1963: akikaribia kugeuka bundo, ile hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu mzima, huua viluwiluwi vilivyomzunguka bila kuvila. Inaonekana anasafisha nyumba kabla ya kulala. Mimi sijamtia mkononi hapa Pemba, kwa hiyo siwezi kukwambia umtafute wapi. Ukimkuta kwenye pango la mti au tairi kuukuu, lenye maji, kiluwiluwi mkubwa mwekundu-mweusi akiwa peke yake, basi umepata mali.

Kwanza usijiue ukiwatafuta

Hili si la kupita haraka. Vijito na madimbwi ya mabonde yetu, Unguja na Pemba, yana konokono Bulinus globosus, na konokono huyo ndiye anayebeba kichocho cha mkojo. Vimelea hutoka kwa konokono vikaingia kwenye ngozi iliyo majini, hata ukisimama dakika chache. Kwa hiyo mtoto asitumwe kuingia kijitoni na kaptura ati kutafuta kereng'ende. Tumia chujio lililofungwa kwenye mti mrefu, simama kavu, vaa mabuti na glavu za mpira. Maji uliyochota yachuje konokono, kisha yaache siku mbili kabla ya kuyatia mkono. Vimelea hivyo visipompata mtu haviishi zaidi ya hapo. Hata hivyo afadhali uwahamishie wadudu kwenye maji ya mvua. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yalaze kwanza kwenye beseni lililo wazi siku nzima.

Na kwa chakula chao: kufuga viluwiluwi ni kufuga mbu. Chombo cha kuvifugia kifunikwe chandarua kizima bila tundu, na mabundo yote yachujwe na kumwagwa juani kila siku ya pili. Nimesikia skuli ikitozwa faini ya maneno na majirani kwa uzembe huu, na majirani walikuwa na haki.

Sasa mchague nani

Mzee wa birika alinikuta baada ya laasiri.

"Maalim, nasikia una wadudu wa kula mbu. Nitie wangapi humu?"

"Mzee wangu, humu watu wanatawadha."

"Kwani wananuka?"

"Hawanuki, wanauma. Na wale wasiouma, mwezi mmoja hutawaona tena."

Nikamweleza. Birika safi ndilo mahali pa njaa kubwa kuliko pote. Mwogelea chali ataviangamiza viluwiluwi wiki ya kwanza, wiki ya pili atamla mwanawe, wiki ya tatu ataruka kwenda bondeni. Mbu atarudi kabla yake. Kereng'ende wa kukaa na kusubiri angekaa. Si nadharia: huko Yangon, Myanmar, watoto wa kereng'ende aina ya Crocothemis servilia walitiwa kwenye vyombo vya maji vya majumbani kupambana na Aedes aegypti, mbu wa dengi, na viluwiluwi vilipungua sana, matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na Corbet yule yule alikuwamo. Lakini sikiliza walivyofanya: waliwatia tena na tena, kila baada ya muda. Hata mvumilivu hukua, akaota mbawa, akaondoka.

Kwa birika la msikiti nilimshauri mfuniko na kusugua kuta kila wiki, maana mayai ya Aedes hubanana ukutani juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu miezi. Suala la tohara ya maji yaliyofiwa na mdudu nalo nimewaachia masheikh; sikulivaa. Kwa pipa la kumwagilia bustani, lisilonyweka wala kutawadhiwa, namchagua kereng'ende wa madimbwi ya kudumu, wawili au watatu, wenye ukubwa sawa, na kijiti kirefu kinachotoka nje ya maji. Kwa dimbwi la kufyatulia matofali au kitalu cha mpunga ambako viluwiluwi haviadimiki, chakula kipo, na uwanja ni mpana: hapo mwogelea chali ndiye mwenyewe. Huna haja ya kumpeleka. Atakuja kwa mbawa zake, wewe usimwage mafuta ya taa tu, kwa kuwa yeye na mbu wote wawili huvuta pumzi juu na mafuta hayachagui.

Kwa mradi wa skuli wa wiki sita, jibu langu linategemea likizo. Kama hakuna atakayelisha Ijumaa na sikukuu, kereng'ende mwembamba. Kama mna zamu ya kila siku na mtu anayeiheshimu, mwogelea chali atawapa matokeo ya kuonekana kwa macho mapema zaidi.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Vikombe vya mtindi, kila mdudu peke yake ili kulana kusiingilie hesabu, jani moja la magugu la kushikia. Gawanya makundi matatu: kiluwiluwi kimoja kwa siku, vitano, ishirini. Wote wawe na ukubwa mmoja wakati wa kuanza. Pima upana wa kichwa, sio urefu wa mwili, kwa sababu tumbo hutanuka kwa shibe na kukunjamana kwa njaa, lakini kichwa hubadilika siku ya kujivua tu. Harrison Dyar, Mmarekani, alionyesha mwaka 1890 kwa viwavi kwamba upana wa kichwa huongezeka kwa uwiano unaokaribiana kila wanapojivua; chora mstari wako uone kama wadudu wako wanamtii. Kundi la vitano na la ishirini huenda yakakaribiana sana. Usihuzunike, ni zile shokishoki.

Na kama muda upo, fanya la ziada: wanyime kundi moja wiki ya pili, kisha uwashibishe. Watakimbilia kufidia. Robby Stoks na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walifanya hivyo kwa kereng'ende mwembamba Lestes viridis, na mwaka 2006 wakaonyesha kwamba waliofidia ukuaji walilipia kwa ndani: akiba ya nguvu ilikuwa ndogo na kinga ya mwili dhaifu. Kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti yako kwamba "njaa haikuwa na athari" kwa sababu tu vichwa vimelingana.

Wale saba wa Idd niliwalea mpaka mwisho, bila kuwapangia mlo wa haki; wengine walipata zaidi kwa kukaa upande wa ndoo nilikozoea kumwagia. Alfajiri moja niliwakuta wawili wamepanda kijiti usiku wakaacha magamba yao yameshika mti, matupu, yamepasuka mgongoni, kila ukucha mahali pake. La yule wa upande wa kata lilikuwa kubwa. La pili, milimita tatu fupi. Kijana wa kidato cha tatu aliyapima mara mbili kwa karatasi ya grafu, akaniomba kiberiti kitupu, akayatia yote mawili, na ubavuni akaandika kwa kalamu: *aliyekula*, *aliyengoja*.